Uzoefu wangu: gemu la rubani wa ndege ya mabomu pale Ngamiani, Tanga

Wadau wa Tanga na wote mnaopenda mambo ya ndege, nataka niwaeleze uzoefu wangu wa lile gemu la rubani lililopo kwenye chumba cha magemu Ngamiani, kile chenye kiti cha rubani na stiki na ile miwani kubwa ya kuvaa usoni, maana naona vijana wakienda pale wanakimbilia gemu la mpira tu afu hili wanalipita. Mi naliweka juu ya magemu yote niliyowahi kuyagusa.

Stori yake ni ya miaka mingi mbele huko, kwenye dunia nyingine ambayo karibu yote ni bahari. Wewe ni rubani, uko peke yako kwenye ndege kubwa ya mapangaboi sita inayotumia haidrojeni, tumboni umebeba bomu moja la tani 6, unatakiwa ukapige ngome inayoelea km 2600 kutoka pwani ya kwenu. Ndege inaenda km 400 kwa saa na mafuta ni ya saa 12. Sasa piga hesabu mwenyewe, kwenda na kurudi ni km 5200, mafuta yanakufikisha 4800, yani km 400 za mwisho huna kitu. Na hawakufichi, unaambiwa kabisa kabla hujapaa, na ukitaka kukataa kitufe cha kukataa kipo.

Mi kazi yangu ni mashine za boti pale Deep Sea, kwahiyo hesabu ya mafuta ya kwenda na kurudi ndo maisha yangu, na hapo ndo gemu hili lilinishika. Magemu mengine ya ndege unarusha makombora mpaka uchoke na geji ya mafuta ipo ipo tu. Humu adui mkubwa ni geji. Hata upepo wameuweka kihaki. Watu wengi wanadhani upepo ukikusukuma wakati wa kwenda basi umepata faida, utalipa wakati wa kurudi ngoma droo, sio hivyo. Bila upepo mwisho wako wa kugeuza ni saa ya 6, ukiwa na upepo wa km 50 mgongoni unaenda 450 lakini kurudi ni 350, kwahiyo inabidi ugeuze baada ya saa 5 na robo za kuruka, tena ukiwa hujafika hata pale ambapo ungefika bila upepo. Yani upepo unakula mafuta yako vyovyote vile, anayetoka na boti wakati wa kaskazi ananielewa.

Ndani ya ndege kuna kompyuta inayoongea na wewe, na sauti yake ni ya mama mtu mzima, Kiswahili cha Tanga kabisa, taratibu, hapandishi sauti hata rada ikikuona. Ukifika ile saa ya kugeuza anakwambia "mwanangu, hapa ndo mwisho wa kurudi, ukipita hapa mi nakwenda na wewe". Aisee. Mi nilikaa na stiki mkononi sijui nifanye nini, na pale chumbani watu walikuwa wanapiga kelele za mpira lakini sikuwasikia.

Ila uzuri wenyewe uko hapa, na ndo maana naliita gemu la maana. Hesabu ya kwamba hurudi imepigwa na bomu likiwa tumboni. Ukishaliachia ndege imepungua tani 6, inakula mafuta kidogo, na ukishuka chini kabisa karibu na maji, chini ya urefu wa bawa lako, ule upepo ulio kati ya bawa na maji unakubeba, hii ni kweli hata kwa ndege za hapa duniani. Kwahiyo zile km 400 zinaanza kupungua, hamna anayekuahidi chochote, lakini tumaini lipo na unalipata kwa kurusha vizuri tu.

Kushuka chini kunasaidia na rada pia. Rada ya mlingoti wa mita 25 ukiwa mita 20 juu ya maji inakuona ukibakiza km 40 hivi, ukipanda mita 5000 inakuona kuanzia km 300. Shida ni kwamba usiku bahari na mbingu ni rangi moja, masikio, ambayo ndo yanaupa mwili mizani, yanazoea kona ndani ya sekunde kama 20, mwili unakwambia uko sawa kumbe umelala upande, inabidi uamini geji sio mwili. Kupima urefu wamekupa taa mbili chini ya ndege, zikikutana kwenye maji ujue uko sawa. Hii sio ya kubuni, Waingereza walifanya hivyo hivyo Mei 1943 walipopiga mabwawa ya Ujerumani, mita 18 juu ya maji, zilitoka ndege 19 na 8 hazikurudi. Na wale Wamarekani wa Aprili 18, 1942, ndege 16 za mabomu aina ya B-25 ziliruka kutoka melini kwenda kupiga Japani, zinaweza kuruka pale ila kutua haziwezi, afu wakaonekana mapema wakaruka wakiwa bado mbali kuliko walivyopanga. Walijua na wakaenda. Nikiwa kwenye kile kiti nawafikiria sana watu hao.

Kitu kimoja sijakipenda na nakisema kwasababu nalijali hili gemu. Mafuta yakiisha ukishusha ndege baharini inateleza tu kama ngalawa, unasubiri boti ya kukuokoa. Bahari haiko hivyo jamani. Mawimbi makubwa unatakiwa utue ukiyafuata kwa urefu, sio kuyakata, na mabawa yawe sawa. Novemba 1996 ile Boeing 767 iliyotekwa iliishiwa mafuta ikashuka baharini Komoro, bahari yetu hii hii, bawa la kushoto likagusa kwanza ndege ikavunjika, watu 175 walikuwemo wakafa 125. Gemu lililokuwa kweli safari nzima lisije kudanganya mwishoni.

Huduma pale iko poa, umeme ukikatika wana betri, ila miwani inakutoa jasho sana kwahiyo beba kitambaa. Saa moja ya gemu ni dakika 6, safari nzima kama dakika 80, kwahiyo msichukue nusu saa mtatolewa katikati ya bahari, ombeni saa moja na nusu, na nendeni asubuhi siku za kazi kabla wanafunzi hawajatoka. Dogo aliyelitengeneza huwa yupo hapo hapo jioni, nimeshamwambia habari ya mawimbi na nimekubali kwenda nae baharini siku ya upepo akayaangalie mwenyewe.