Fundi wa bakapu aliyetaka kutuuzia diski tusiyoihitaji

Nilijizuia kuandika hasira zipoe kwanza. Hazijapoa, basi wacha niandike.

Ofisi yetu ni ndogo, sisi ni watu wa kutoa mizigo bandarini Kilindini. Kila karatasi tunayoshika hupigwa skani ikaingia kwenye seva moja ya Linux iliyo chini ya meza ya mhasibu. Tukamwita fundi wa duka moja hapa mjini (jina nalificha, ingawa mkono unaniwasha) atutengenezee bakapu ya kila usiku, yaani nakala ya akiba ya faili zetu. Akachomeka diski ya nje, akaandika mistari miwili mitatu, akasema: "Mama, hapa mmeshapona. Saa nane usiku cron inaiamsha rsync, rsync inanakili faili zilizobadilika tu. Nyinyi laleni." (cron ni saa ya ndani ya seva inayoamsha kazi kwa wakati wake; rsync ni programu ya kunakili faili.)

Na haki ya Mungu mwanzo niliipenda. rsync si kitu cha jana, iko tangu 1996, na haina makeke: usiku wa kwanza ilijikokota, kisha ikawa inamaliza kazi kwa dakika chache. Ungeniuliza wakati ule ningewapa nyota zote na chai juu.

Kisha ukaja ule msimu wa umeme kukatikakatika. Umeme ukaenda, ukarudi, seva ikajiwasha yenyewe. Diski ya nje haikupachikwa tena, yaani haikuunganishwa na folda yake /mnt/nakala, kwa sababu fundi aliipachika kwa mkono siku ile ya kwanza na hakuandika chochote kwenye /etc/fstab, ile orodha ya diski za kupachikwa seva inapowaka. /mnt/nakala ikabaki folda tupu ndani ya diski ileile ya seva. rsync itajuaje? Imeambiwa ipeleke faili /mnt/nakala, inapeleka, usiku baada ya usiku. Ukifungua logi unakuta jumla ya baiti, kasi, kila kitu shwari, hakuna kosa hata moja. Na taa ya diski ya nje inawaka buluu, inakutazama.

Tuligundua pale skani zilipokataa kuingia. Diski ya seva imejaa pomoni.

Fundi akaja baada ya kubembelezwa kwa simu kutwa nzima. Mtu anaingia ofisini Mombasa hatoi salamu! Si hamjambo, si habari za kazi. Akamkalia mhasibu kitini, akaipachika diski ya nje, akapiga df, amri ya kuonyesha diski imejaa kiasi gani: ya seva bado asilimia 100. Akageuka: "Seva yenu kuukuu. Nunueni diski kubwa." Nikamwambia, baba, faili zetu hazifiki nusu ya hiyo diski. Akanijibu bila kunitazama: "Mama, haya mambo ya kitaalamu. Wewe nipe LPO tu."

LPO! Yaani hati ya kuagiza manunuzi!

Aliyetuokoa ni kijana wa chuo aliye kwetu kwa mafunzo, ambaye tulikuwa tunamtuma chai. Aliona du, inayojumlisha faili zinazoonekana, na df hazipatani, akaiondoa ile diski kwa umount, akapiga ls kuona kilichomo kwenye folda. Zikajitokeza zote: nakala za wiki na wiki zilizoandikwa kwenye folda tupu. Diski ya nje ilipopachikwa juu yake ilizifunika kama mkeka uliotandikwa juu ya takataka. Nafasi zinakula, kuonekana hazionekani. Akalinganisha na faili halisi kwanza, ndipo akazifuta. Nusu ya seva ikarudi. Kwenye diski ya nje yenyewe, faili ya mwisho ilikuwa ya kabla ya Ramadhani. Yaani seva ingekufa katikati hapo, wateja wangetuuliza hati zao tuwajibu nini?

Dawa yake kijana aliiandika pale pale: mstari mmoja wa fstab wenye UUID (kitambulisho cha diski) na nofail (seva iwake hata diski isipokuwepo), na mbele ya amri ya rsync akaweka mountpoint -q /mnt/nakala &&, ili diski isipokuwepo kisinakiliwe kitu. Kazi ya fundi wa kulipwa hiyo, wallahi.

Sasa nyota. rsync na cron sina ugomvi nazo, bado tunazitumia kila usiku. Duka nilitaka kulipatia nyota mbili, maana kufunga walifunga upesi na bei haikuwa mbaya. Lakini nikiikumbuka ile LPO… moja. Hapana, hata hiyo moja naiondoa. Salio lao sijalipa, na leo asubuhi fundi amenipigia tena kulidai, bado bila salamu.