Spoku zao zimekatika, wakanipima kitambi

Nina kilo 112, sioni haya kuzitaja. Hapa Tabora kila asubuhi mtu anaingia mjini na magunia ya mkaa nyuma ya baiskeli, mzigo umempita kimo, na ringi haijapinda. Halafu mimi nikaambiwe baiskeli haiwezi kunibeba?

Nilinunua magurudumu mawili ya baiskeli ya resi kwenye duka moja mjini. Ringi nyeusi, pana, zinang'aa, spoku 20 mbele na 24 nyuma. Kabla sijatoa hela niliuliza wazi kama yatanimudu. Kijana wa kaunta akajibu, "Hii ngoma ya Ulaya bosi wangu, hata wewe inakubeba." Hilo "hata wewe" nikaliacha lipite.

Sikufika mbali nayo. Niko barabara ya Urambo, lami tupu, wala sijagonga shimo, nikasikia ting! Gurudumu la nyuma likaanza kuyumba na kusugua breki kila linapozunguka. Spoku imekatika upande wa gia, palepale kwenye kona inapoingia kwenye habu, kile kitovu cha gurudumu. Nikaweka nyingine. Siku chache tu, ting! Upande uleule.

Nikalibeba hadi dukani. Wateja wamejaa. Yule kijana hakuligusa hata kwa kidole, macho yake tumboni kwangu: "Bonge, hapa tatizo siyo spoku. Punguza ugali kwanza ndiyo uje tuongee." Watu wakaangua kicheko. Mwenye duka, mtu mzima kabisa, wa kupewa shikamoo, naye akacheka! Nikamuuliza habari ya waranti, akasema haihusu watu waliozidisha uzito. Umezidi nini? Kwenye karatasi yao hakuna kilo hata moja iliyoandikwa.

Nikaenda Isevya kwa mzee mmoja fundi, yuko chini ya mwembe. Nikamwamkia, akaitikia, akalipokea gurudumu, akaanza kukwaruza spoku kwa ukucha huku ameinamisha sikio. Moja inalia juu, jirani yake imelegea, haina sauti. "Mwanangu, hili halikukazwa, lilifungwa tu." Akanieleza kwamba kila spoku ikifika chini inalegea kidogo kwa uzito, ikipanda inavutika tena. Ikiwa tangu mwanzo imelegea, inachezacheza pale kwenye kona hadi chuma kinachoka, kama waya unaoukunja huku na huku. Na spoku zikiwa chache, kila moja inabeba zaidi. Kumbe kitambi kina mchango wake, ila mzee alilisema hilo bila kumchekesha mtu.

Habu ya matundu 24 huwezi kuitia spoku 36, kwa hiyo ilibidi nitafute habu nyingine na ringi ya kuta mbili. Akalisuka, kila spoku ikipishana na nyingine tatu. Alipomaliza akawa anazibana mbili mbili kwa viganja, kwa nguvu, zikilia kwak kwak, halafu akakaza upya. Akanitoa pia kwenye tairi la milimita 23 akanipa la 28, ndilo pana zaidi linaloingia kwenye fremu yangu. Gurudumu limekuwa zito, na kwa sura halivutii hata kidogo. Lakini limetulia.

Tusiwaonee wale wa duka: mtu wa kilo 60, magurudumu yao yakikazwa vizuri, pengine atayafurahia. Ila akayakaze kwa nani, kwa yule kijana? Hapana. Nikikumbuka kile kicheko, hata wa kilo 60 asiende pale, hata wa kilo 40, hata mtoto anayetafuta kengele tu.

La mbele bado natumia lao. Uzito wangu mwingi uko nyuma, kwa hiyo limenyooka hadi leo, halijakata spoku hata moja, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote.