Paid Memberships Pro: plagini ya bure ambayo mimi nailipia

Natengeneza tovuti za watu hapa Dar, na wateja wengi siku hizi wanaulizia kitu kilekile: sehemu ya ndani inayofunguka kwa aliyelipa tu. Wa karibuni ni mama mmoja mshonaji wa Sinza, anauza masomo ya video na pateni za magauni kwa shilingi 10,000 kwa mwezi. Nimemwekea Paid Memberships Pro, plagini (programu ndogo ya kuongezea tovuti uwezo) inayokaa juu ya WordPress, mfumo wa kutengenezea tovuti, kama nilivyowawekea wengine.

Kuitumia si kazi. Unaunda madaraja ya uanachama na bei zake, halafu kila ukurasa unaoandika unakuwa na kisanduku pembeni chenye orodha ya hayo madaraja. Unatia tiki, basi. Asiyelipa akifika anaombwa ajiunge. Ila angalia: ukurasa unafungwa, faili la PDF ulilolipakia halifungwi. Mwanachama mmoja akikopi kiungo chake na kukitupa kwenye grupu la WhatsApp la mafundi, pateni imeshatembea. Kulifunga lile faili kunataka mpangilio wa ziada kwenye seva, kompyuta inayohifadhi tovuti, na hapo wengi wanakwama.

Upande wa malipo ndio wenye vituko. Stripe, kampuni ya kupokelea malipo ya kadi mtandaoni, haifungui akaunti za biashara Tanzania, kwa hiyo kadi tumeiweka kando. Natumia njia waliyoitengeneza kwa ajili ya hundi. Naibadilisha jina isomeke “Lipa Namba”, yaani kulipa kwa simu, kwenye maelekezo naweka namba ya mama, na mteja akijiandikisha oda yake inakaa ikisubiri. Meseji ya muamala ikiingia, mama analinganisha jina na kiasi, anafungua orodha ya oda kwenye simu, anaibadilisha hali kuwa imelipwa. Mteja anaingia. Mwisho wa mwezi mama anaacha cherehani kila baada ya muda kidogo, na analalamika, lakini hela inaingia kwake moja kwa moja.

Sasa hawa wenye plagini wanakula wapi? Ni mali ya Jason na Kim Coleman, mume na mke wa Pennsylvania, Marekani, na ipo tangu 2011. Msimbo uko chini ya leseni ya GPL, maana yake unaruhusiwa kuuchukua, kuubadilisha na kumpa mwingine bila kumwomba mtu. Hela zao zinatoka zaidi sehemu mbili. Kuna leseni ya mwaka, inayokupa nyongeza za daraja la juu, masasisho yake na watu wa kukujibu ukikwama. Halafu kuna ile ambayo wengi hawaitambui: tovuti isiyo na leseni, ikipokea kadi kwa kuunganishwa na Stripe, inakatwa asilimia 2 ya kila malipo. Kwa ada ya mama ingekuwa shilingi 200 kila mwanachama, kila mwezi. Ukinunua leseni, makato yanaondoka.

Kuna wanaoliita hilo wizi wa kimyakimya. Mimi silioni hivyo. Wanalisema wazi, na mwenye biashara ndogo analipa kidogo kwa sababu anaingiza kidogo. Ila makato hayo hayatugusi sisi wa Lipa Namba. Tukiitumia plagini bila leseni, mwaka mzima hata senti haiwafikii.

Na kazi yao haiishi, maana plagini lazima iendane na kila kinachobadilika nje yake. Mwaka 2018 WordPress 5.0 ilileta kihariri kipya kabisa. Mwaka 2019 Ulaya ikaanza kudai uthibitisho wa ziada kwenye malipo ya kadi. Mwaka 2020 ikatoka PHP 8, toleo jipya la lugha ambayo WordPress imeandikwa nayo, na plagini nyingi zilizolala bila kusasishwa zikaanza kuvunjika. Niliwahi kumwekea mteja plagini nyingine, siitaji jina, ile ya kulipa mara moja maisha yote. Kampuni ya seva ilipopandisha PHP, ukurasa wa kuingia ukawa mweupe pee. Wanachama wanadai hela zao, mteja ananipigia mimi, na mtengenezaji hajibu barua pepe. Angejibu ili iweje? Hela yetu alishaila miaka mitatu nyuma. Hawa wa Paid Memberships Pro mwaka 2024 walitoa toleo la 3.0, wakapanga upya jinsi malipo ya kujirudia yanavyohifadhiwa, kazi ambayo mteja haioni kabisa na inataka mtu anayelipwa mshahara.

Nilipoweka leseni kwenye makadirio, mama aliishika ile karatasi akauliza, “Mwanangu, si ulisema ni ya bure? Hii ninalipia nini?”

“Mama, cherehani umeinunua. Fundi akija kuifanyia sevisi humlipi?”

“Namlipa. Lakini yeye hanitozi kwa dola.”

Hapo alinipata. Hata daraja la chini la leseni linazidi dola 100 kwa mwaka, bei ileile kwa mtu wa Chicago na kwa anayekusanya elfu kumi kumi. Bei ya nafuu kwa nchi zetu sijaiona, na hilo nawapunguzia alama. Linalofariji ni kwamba leseni ikiisha tovuti haizimi. Unachokosa ni masasisho ya nyongeza za kulipia na msaada.

Jambo moja la kiufundi kabla hujaanza: mwishoni mwa 2024 walihamisha usambazaji kutoka WordPress.org, ghala rasmi la plagini za WordPress, kwenda kwenye seva zao wenyewe. Pakua kwenye tovuti yao, usiitafute ndani ya dashibodi ya WordPress kama ulivyozoea.

Ukiwa na wanachama ishirini na hujui kama watabaki, chukua ya bure uone. Wakifika mia na hela yao ndiyo inayolipa pango la duka, nunua leseni. Kwa mama tumekubaliana aanze kulipia mwakani. Mwaka huu naibeba mimi kwenye gharama zangu, naye amenishonea mashati mawili.