Gereji Iwe Chumba: Ununue Nini Ukuta Usitoe Jasho

Ukuta wa gereji mara nyingi ni safu moja tu ya tofali, na baridi ya nje inafika hadi kwenye plasta. Hewa ya nyuzi 20 yenye unyevu wa asilimia 60 huanza kugeuka maji ikigusa kitu chenye nyuzi 12. Ukishabandika kihami joto, yaani bodi au sufi ya kuzuia joto lisipite, ukuta ulio nyuma yake unazidi kuwa wa baridi, kwa hiyo hewa itakayopenya huko itatoa maji mahali usipopaona. Ndiyo maana nimevipanga vifaa hivi kwa jinsi vinavyozuia mvuke. Bei nimeiweka nyuma.

Kabla ya kununua chochote, kata nailoni ya nusu mita kwa nusu mita, ibandike sakafuni kwa tepu pande zote nne, uiache siku nzima. Ukikuta matone chini yake, maji yanatoka ardhini, na hakuna bodi itakayoponya hilo: sakafu iwekewe kwanza nailoni nene au rangi ya kuzuia maji. Ikilowa juu, tatizo ni hewa ya chumba.

Chaguo langu la kwanza ni bodi za XPS, zile za povu gumu la plastiki ambazo mara nyingi huwa na rangi ya buluu au waridi. Maji hayaingii ndani yake kirahisi, hivyo zinafaa hata sakafuni. Paka gundi bodi nzima kwa mwiko wa meno; mafundi wengi hupenda kuweka mabonge matano wakabandika, na katikati ya mabonge hayo ndimo hewa inapopita. Soma kopo la gundi pia, kwani yenye thina huila bodi.

Pili, PIR, bodi nyingine ya povu gumu, yenye foili pande zote mbili. Kwa kuhami joto inaishinda XPS: sentimita 5 zake zinafanya kazi ya sentimita 7 na nusu za XPS, jambo kubwa kwenye chumba chembamba. Nimeishusha kwa sababu foili haifiki kwenye kingo zilizokatwa. Kila kiungo kinataka tepu ya foili, bila kusahau pembe za dari. Hii na XPS zote mbili zifunikwe kwa jipsamu, maana hazifai kuachwa wazi moto ukitokea.

Tatu ni EPS, lile povu jeupe la punjepunje linalofungiwa televisheni. Ni nafuu na linapitisha mvuke kiasi. Kwa ukuta mkavu, sawa.

Sufi ya madini, ile ya nyuzi laini za mawe au kioo, naiweka ya nne, na najua wapo watakaobisha. Haishiki moto, inanyamazisha kelele, na darini ni nzuri sana. Lakini mvuke unapita ndani yake kama haipo, hivyo inategemea nailoni iliyobanwa upande wa joto, na kila tundu la soketi linaiharibu. Upande wa joto wenyewe hubadilika: penye baridi ni ndani, ila penye joto la unyevu na kiyoyozi kinachofanya kazi kutwa, ni nje. Ukikosea upande, umeyafungia maji ukutani.

Ya mwisho ni foili ya mapovu, ile plastiki nyembamba yenye vipovu vya hewa na uso wa foili. Inapunguza joto la jua chini ya bati ikiachiwa nafasi ya hewa mbele yake, basi. Matangazo yanayoilinganisha na bodi nene, yapuuze.

Pesa ikibaki, nunua kipima unyevu na feni ya kutoa hewa nje. Mshale ukikaa juu ya 60 wakati hewa ya nje ni kavu, washa feni. Nje kukiwa na unyevu kuliko ndani, feni itakuletea maji zaidi. Hapo ndipo mashine ya kukausha hewa inapostahili bei yake. Na nguo mbichi zisianikwe humo.