Boti ya kuvua kwa fimbo Capri Point: nahodha yuko vizuri, ila kipimo cha samaki hana

Jumamosi iliyopita mimi na shemeji tulikodi boti ya kuvua sangara kwa fimbo, tunaanzia upande wa Capri Point hapa Mwanza, Ziwa Victoria, elfu themanini kila mmoja kwa nusu siku, humo ndani mafuta, fimbo mbili, chambo, maji ya kunywa na laifu jaketi. Jina lao siliandiki, sitaki kuwaharibia riziki, nataka warekebishe. Boti yenyewe nzuri jamani, injini imewaka mara moja tu, jaketi bado mpya na nahodha hakung'oa nanga mpaka kila mtu kafunga yake, hapo nampa hongera kwa moyo wote maana ziwa hili limeondoka na watu wengi tuliowajua.

Tumetoka saa kumi na mbili kasoro, ziwa bado limelala, tukaipita Bismarck Rock hao mpaka mbele ya Igombe. Nahodha anayajua maji, hilo sina ubishi nalo. Anaangalia ndege wanashuka wapi, anapunguza moto, anatuambia achieni mshipi urefuke, msibane, chambo kifuate chenyewe. Nusu saa haijaisha shemeji kanasa.

Sasa shida ndo ikaanzia hapo. Sangara mwenyewe mdogo, jicho linawaka kama shaba, nahodha kampima kwa shubiri, mbili na vidole, akasema huyo yupo poa bosi, tia kwenye ndoo. Mimi ni seremala, futi haitoki mfukoni, nikamlaza samaki kwenye ubao nikavuta futi toka mdomoni mpaka mkiani: sentimita 46. Nikamwambia kaka, kanuni si inasema sangara chini ya 50 haruhusiwi? Akashangaa kabisa, akaniuliza, hiyo si ya wale wa nyavu? Yaani mtu anachukua hela za watu kila wikiendi kwa kazi ya kuvua na hajui kama hilo linamhusu na yeye. Samaki mchanga ni mchanga, umtoe kwa nyavu umtoe kwa ndoana.

Shemeji akalowesha mikono kwanza, akatoa ndoana taratibu akamrudisha. Nikamuuliza umejifunzia wapi hayo, ndo akafunguka. Kaishi Ujerumani miaka sita, kule majimbo mengi hupati kibali cha kuvua mpaka ufaulu mtihani, unasomeshwa aina za samaki, vipimo, miezi ya kuzaliana, mpaka namna ya kumpiga samaki kichwani azimie kabla hujamchinja ili asiteseke. Yeye anataka na huku iwe hivyo hivyo, kila anayeshika fimbo akae darasani. Nikamwambia shemeji hapana, mbona Uingereza mtu wa England kuanzia miaka 13 anachukua leseni mtandaoni dakika chache na mtihani hakuna, ila wakaguzi wanapita kingoni na ukikutwa huna unapelekwa mahakamani? Tumebishana mpaka chai ikapoa kwenye chupa.

Mimi msimamo wangu ni huu na bado nausimamia. Mtihani wa kuandika ukiuleta Mwanza unawafungia nje watoto wanaokaa kwenye mawe na kijiti na mshipi wakitafuta sato wa mboga ya jioni, na hao sio wanaomaliza ziwa. Apimwe anayefanya biashara, yule anayepakia wateja. Na apimiwe ndani ya boti yake, kwa vitendo, apewe samaki aambiwe mpime, mtoe ndoana, mrudishe tuone, halafu aeleze chini ya 50 unafanya nini. Akishindwa asibebe wateja mpaka ajifunze. Dakika ishirini zinatosha.

Kilichonifanya niandike haya kwa uchungu ni samaki wa pili. Tulihamia kwenye kina, tukashusha furu mzima, samaki mdogo wa chambo, akaja sangara mkubwa na nahodha anapiga kelele vuta vuta usimpe nafasi, shemeji akavuta kwa nguvu zote. Alipofika juu kibofu cha hewa kimevimba mpaka tumbo limetokeza mdomoni kama puto, futi inasoma 91. Tulijaribu kumrudisha, anaelea ubavu tu, tukamshika pale majini karibu robo saa tukashindwa. Wote wa kanda hii tumekua tukiambiwa sangara wa kuvua awe wa sentimita 50 hadi 85, na sababu ya ile 85 ni hawa hawa wakubwa, wengi wao ni majike yanayotaga. Tulipompasua alikuwa amejaa mayai, mafuko mawili manene ya rangi ya chungwa. Nahodha yeye macho kwenye bondo, yaani kile kibofu cha hewa, akalitoa akalisafisha akalifunga kwenye mfuko wake, na ukijua bei ya bondo utaelewa kwa nini mtu hafundishi mteja kuvuta taratibu.

Halafu kuna hili la ukaguzi. Tunarudi, boti ya doria ikasimamisha mtumbwi wa wavuvi mbele yetu, wakakagua nyavu jicho kwa jicho, wakamwaga samaki wote chini wakapima. Ni sawa, kazi yao. Sisi tukapungiwa mkono tupite, hakuna aliyeuliza leseni wala kuchungulia ndoo. Sheria ya uvuvi ya 2003 na kanuni za 2009 hazikuandikwa kwa ajili ya wenye mitumbwi peke yao, na yule mzee aliyekuwa anaokota samaki wake aliona kila kitu.

Nawapa nyota tatu. Nne kwa usalama na kwa kujua maji, mbili kwa upande wa samaki. Mwenye boti nilimpigia jioni, akasikiliza vizuri, akasema atapaka alama za sentimita kwenye ubao wa boti. Nikamwambia rangi naleta mimi, na kijana wake wa kusaidia nilishamwachia ile futi. Ukienda, wahi alfajiri maana upepo ukianza mawimbi hayaachi mtu avue, beba kofia, na kabla ya kulipa muulize nahodha akuoneshe kipimo.