Chumvi ipi ununue: ya pakiti, ya mawe au ya kupimiwa?

Chumvi yenye madini joto (ayodini) na isiyo nayo zinafanana rangi, harufu na ladha. Dukani cha kukuongoza ni maandishi ya pakiti na jinsi ilivyofungwa.

Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 za madini joto kwa siku. Mjamzito na anayenyonyesha, 250. Chumvi ikiwa na miligramu 30 kwa kilo, gramu 5, yaani kijiko cha chai bila kilima, zinampa mtu mzima hizo 150. Lakini hiyo ni kama madini hayakupotea njiani, na hupotea.

Nafasi ya kwanza: chumvi laini ya pakiti ya plastiki nzito, gramu 500, iliyofungwa kwa moto pande zote. Tafuta maneno "yenye madini joto", alama ya TBS au KEBS (mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya), na tarehe ya kutengenezwa. Madini joto hutiwa kama potasiamu ayodeti au ayodaidi; ikionyesha ayodeti ni vizuri zaidi, maana hustahimili joto na unyevu kuliko ayodaidi. Ibonyeze: ikiwa imegandamana kama tofali, imeshapata maji, iache. Kwa nini nusu kilo? Watu watano wakila gramu 5 kila mmoja wataimaliza kwa siku 20. Kilo ni nafuu, lakini hukaa wazi muda mrefu.

Ya pili ni ya mawe iliyowekwa madini joto na kufungwa pakiti. Inafaa, ila madini joto hunyunyiziwa juu ya punje, na punje kubwa hazichanganyiki sawasawa kama chumvi laini. Usiioshe kabla ya kupika! Wengi huiosha kuondoa mchanga, na madini yaliyo juu huondoka na maji hayo.

Ya tatu, kwa mbali, ni ya kupimiwa kwa kikombe kutoka kwenye kiroba, hata kama kiroba kimeandikwa vizuri. Kikilowa, maji hushuka na madini joto, hivyo wa juu anauziwa chumvi tupu na wa chini anapata ya ziada.

Mwisho kabisa ni ya mashambani isiyotiwa kitu, pamoja na ile ya pinki ya bei kubwa. Kutoka baharini au mgodini si hoja; madini joto ya asili humo ni kidogo mno. Kwa anayeishi nyanda za juu kusini mwa Tanzania, ambako rovu (uvimbe wa tezi la shingo) lilikuwa la kawaida kwa sababu mvua huosha madini joto udongoni, hilo si jambo dogo, hasa kwa mjamzito: upungufu huathiri ubongo wa mtoto tumboni.

Ukitaka kupima kama chumvi ina madini joto, maji ya wanga peke yake hayapimi chumvi yenye ayodeti. Kichupa cha kupimia kina pia asidi. Tone likigeuka zambarau, madini yapo. Kiasi chake kinajulikana maabara.

Nyumbani mimina kwenye chupa kavu yenye kifuniko, mbali na jiko, uteke kwa kijiko kikavu. Tia chungu kikikaribia kuepuliwa. Wala usizidishe chumvi kwa kutafuta madini joto: shinikizo la damu litakupata mapema. Mwenye ugonjwa wa tezi la shingo amuulize daktari kwanza.