Uzoefu wangu: misimu 12 ya uanachama North Melbourne, na kadi ya msimu wa 13 nshalipia

Habari zenu wapendwa. Naona wengi mnaohamia Melbourne mnauliza ukitaka timu ya kushabikia kwenye ule mpira wao wa yai, yaani ligi yao inayoitwa AFL, ukate kadi ya uanachama wapi, na kuna mtu juzi kaniuliza mimi moja kwa moja North Melbourne vipi, inafaa? Mi memba tangu 2014, sijaruka msimu hata mmoja, sa ngoja niseme yote kwa kirefu maana hii timu naipenda na imeniumiza vilevile.

Kwanza mjue natokea wapi. Mi mtu wa Tanga, mzee wangu ni Coastal Union damudamu, mgosi wa kaya haswa, miaka yote hiyo kakaa uwanja wa Mkwakwani na ubingwa wa ligi aliouona ni ule wa 1988. Kwa hiyo nyumbani kwetu kupenda timu haikuwa habari ya kombe, ilikuwa habari ya Jumamosi, unavaa, unaenda, unarudi umenuna, wiki ijayo unavaa tena.

Nimefika huku 2012. Mwaka uliofuata nilikuwa nafanya kazi ya kuhudumia wazee, na pale sebuleni TV haizimwi wikiendi, basi siku moja mwezi wa nne nampelekea babu mmoja dawa zake naona kijana mweusi mrefu anaingia uwanjani na jezi ya mistari ya bluu na nyeupe. Majak Daw. Mzaliwa wa Khartoum, Msudani wa kwanza kucheza ligi hii, na mpira wake wa kwanza kuupiga ukawa goli. Wenzake wote wakamkimbilia. Babu akaniambia kaa chini basi uone, nikakaa na trei mapajani, na ndo akaanza kunielekeza sheria palepale.

Kwa asiyejua ni hivi, wachezaji 18 kila upande, uwanja wenyewe wa yai, kila mwisho miti minne, ukipiga kwa mguu ukapita kati ya ile miwili mirefu ni goli, pointi 6, ukipita pembeni yake pointi 1. Mpira unatolewa kwa mguu au kwa ngumi, kurusha ni kosa. Ukipigwa kwa mguu umbali wa mita 15 au zaidi na ukaudaka hewani, mchezo unakusubiri wewe, unapiga bila mtu kukugusa, na kule kudaka sasa, mtu anapanda mgongoni kwa mwenzie kama anapanda mnazi, hicho tu kinatosha kukupeleka uwanjani. Robo nne, kila moja dakika 20 lakini saa husimama simama, kwa hiyo inafika karibu nusu saa.

2014 nikakata kadi. Na niliingia wakati mzuri jamani, mwaka huo tulifika nusu fainali, 2015 tukafika tena, zote tukatolewa lakini timu ilikuwa timu. 2016 tukaanza kwa kushinda mechi tisa mfululizo, tisa!, nikajua huu ndo mwaka wenyewe, maana kombe letu la mwisho ni 1999, kabla yake 1996, 1977 na 1975, basi manne tu. Tukaishia nafasi ya nane na kutolewa mechi ya kwanza ya mtoano.

Sa hapa ndo nataka mnisikilize, kwa sababu watu wakiongelea kwa nini North ni wabovu wanasema hela, wanasema timu ndogo kwenye mji wenye timu tisa, wanasema bahati. Mi nasema ugonjwa ulianza mwezi wa nane 2016. Klabu ilitangaza kwa mpigo kwamba Brent Harvey, Drew Petrie, Nick Dal Santo na Michael Firrito hawapewi mkataba mpya. Wanne, wote wazee wa timu, siku moja. Harvey wiki chache nyuma alikuwa ametoka kuvunja rekodi ya kucheza mechi nyingi kuliko wote kwenye ligi, ile ya Michael Tuck ya mechi 426, akamalizia na 432, na mwaka huo alikuwa bado anacheza vizuri kuliko vijana wengi. Alafu mwisho wa 2020 wakaachwa wachezaji 11 kwa mkupuo, Majak Daw akiwa mmojawapo, na Ben Brown mfungaji wetu akaenda klabu ya Melbourne, mwaka uliofuata tu akabeba kombe huko.

Nyumba ukitoa wazee wote kwa siku moja nani atawaambia watoto chumvi imezidi? Ndo yaliyotukuta. Hebu angalieni wenyewe, 2020 nafasi ya 17, 2021 tumeshika mkia, 2022 tumeshika mkia tena na ushindi mechi mbili msimu mzima, 2023 wa 17, 2024 wa 17. Huo 2023 tulishinda mechi mbili za kwanza, watu tukaanza kuimba, kisha tukafungwa mechi 20 mfululizo mpaka mechi ya mwisho kabisa tulipoifunga timu ya Gold Coast kule Hobart. Timu ikishinda huku wanapiga wimbo wa klabu uwanja mzima, na mi tangu mwezi wa tatu sikuwa nimeusikia. Nilikuwa jikoni natazama kwenye simu, ulipopigwa nikazima jiko nikasimama tu nausikiliza mpaka ukaisha.

Sasa ligi hii ina utaratibu wake wa kugawana vijana, aliyeshika mkia anachagua wa kwanza, kwa hiyo vipaji tunavyo, msidanganywe. Harry Sheezel tulimchukua namba 3 mwisho wa 2022 na msimu wake wa kwanza tu akabeba tuzo ya chipukizi bora wa ligi. George Wardlaw namba 4 mwaka uleule, Colby McKercher namba 2 mwaka uliofuata, Finn O'Sullivan namba 2 mwaka wa 2024. Mbele yuko Nick Larkey, huyu kwenye msimu ule wa vipigo 20 alifunga magoli 71, fikiria, mpira haumfikii na bado 71! Jason Horne-Francis tulimchukua namba 1 kabisa 2021, akakaa msimu mmoja akaomba kuondoka, kaenda Port Adelaide, iliuma lakini kijana wa miaka 18 ukimuweka sehemu anayofungwa kila wiki na hana mkubwa wa kumshika bega mi siwezi kumtupia yeye lawama zote.

Nataka niwaeleze siku moja ili mnielewe. Juni 2024, tunacheza na Collingwood, uwanja wa Marvel pale Docklands, paa limefungwa kwa sababu ya baridi. Mi na binti yangu tuko kwenye viti vyetu, pembeni kuna bibi mmoja ambaye kiti chake kimepakana na chetu miaka yote hii, ana skafu ya kufuma kwa mkono, bluu yake imefifia imekuwa kama maji ya bahari asubuhi, na ameijaza beji. Robo ya tatu tunaongoza kwa pointi 54. Hamsini na nne! dhidi ya waliokuwa mabingwa watetezi. Bibi kanishika mkono anacheka, mi nimemimina chai ya tangawizi kwenye kifuniko cha chupa nataka kumpa.

Wakaanza kurudisha. Goli moja, sawa, la pili, sawa. Na kila wakifunga mpira unarudi katikati na vijana wetu wanaupiga mbele haraka haraka, mrefu, juu, yaani kama mpira una moto, na unaangukia mikononi mwa Collingwood wanakuja tena. Sikuona hata mmoja wa kuudaka akatulia, akatembea taratibu, akaonyesha kidole wenzake nenda kule, kaa pale, ngoja. Binti akaniuliza mama mbona hawapumziki nao? Mtoto wa miaka 12 kaliona. Tukafungwa kwa pointi moja. Moja. Bibi alivua skafu akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena vizuri kama nguo ya kupeleka kabatini, na mimi kifuniko bado mkononi chai imepoa sijainywa wala sijampa.

Basi mwisho wa mwaka ule klabu ikaleta watu wazima, Luke Parker kutoka Sydney, Caleb Daniel kutoka Western Bulldogs, Jack Darling kutoka West Coast. Wako waliosema tumeleta wastaafu. Mi nilifurahi mpaka nikampigia mzee Tanga kumwambia. Na 2025 tumeshinda mechi tano na droo moja, nafasi ya 16, najua kwa mtu wa nje hiyo si kitu, lakini droo yenyewe ilikuwa na Brisbane, ambao ndo walikuja kuwa mabingwa, na nimeona kwa macho yangu vijana wakishikwa bega. Kocha Alastair Clarkson alichukua makombe manne na Hawthorn na maisha yake ya uchezaji aliyaanzia hapahapa North, mi bado namwamini, ila ulinzi wetu jamani! Tunafungwa magoli mengi mno, mpira ukipotea katikati nyuma hakuna anayekimbia kurudi, na hilo halihitaji kipaji, linahitaji mapafu na moyo. Baada ya misimu sita ya hivi mi sitaki tena kuambiwa vijana watakua, nataka nione wanakaba.

Kuhusu kadi yenyewe sasa maana ndo mlichouliza. Usafiri rahisi sana, unashuka stesheni ya treni ya Southern Cross unavuka daraja kwa miguu uko getini pa Marvel, hata wenye watoto wadogo hampati tabu. Kiti kikiwa chako ni chako, na majirani wa kiti ndo utajiri wenyewe, mi kiingereza changu cha mpira chote nimekipata pale. Mashabiki wa North ni wachache lakini hukai nao mechi tatu hawajakujua jina. Ukitaka kuwaona mazoezini wako Arden Street, mtaani kabisa kwenye nyumba za watu.

Kinachonikera ni mechi za nyumbani kupelekwa mbali. Tangu 2012 karibu kila msimu nyingine zilikuwa Hobart, kisiwani Tasmania, na 2025 mbili zikachezwa Australia Magharibi, Bunbury na Perth, huko ni ndege masaa manne. Naelewa ni hela. 2007 ligi ilitaka kuihamishia timu mji wa Gold Coast, wenyewe wakakataa, na klabu isiyokuwa na hela ndo hutishwa hivyo, kwa hiyo sinung'uniki sana, lakini shabiki wa mshahara kama mimi mechi ya nyumbani naiangalia kwenye simu, inauma. Chagueni aina ya kadi mkilijua hilo, hesabuni kwanza mechi ngapi ziko Melbourne ndo mlipe.

Na kuna jambo ambalo kwangu mimi limezidi ushindi. Pale Arden Street tangu 2010 kuna The Huddle, mradi wa klabu wa kusaidia vijana, hasa watoto wa wahamiaji na wakimbizi, masomo, kazi, michezo. Binti yangu kakaa pale jioni nyingi anasaidiwa homuweki mimi nikiwa zamu. Unapita unaona watoto wa Kisomali, Kihabeshi, Wakongo wanaoongea Kiswahili chao kitamu, wako ndani ya uzio wa klabu na hakuna anayewauliza mnatafuta nini. Mtoto wangu ile klabu anaiita kwetu, na sikumfundisha mimi.

Alafu wanawake! Jamani msisahau North ina timu ya wanawake na hao ndo moto wa kuotea mbali, 2024 wamebeba kombe bila kufungwa mechi hata moja, 2025 wakarudia. Fainali ya 2024 tulikuwepo, Princes Park, bibi wa skafu naye yupo, wimbo ulipopigwa binti alikuwa amepanda juu ya kiti na bibi kamshika kiuno asianguke, wote wawili wanalia.

Kwa hiyo uzoefu wangu ndo huo. Uwanjani upande wa wanaume nawapa nyota mbili, wakijua kukaba nitaongeza. Majirani wa kiti, The Huddle na kina dada, nyota tano zote. Unayetaka kushinda tu mwaka huu nenda kwingine, timu ziko nyingi mjini hapa. Ila mwenye watoto na asiye na ndugu mji huu, njoo North, njoo na chai kwenye chupa maana Julai baridi ni kali.

Kila mechi ikiisha mzee ananipigia, kwao ndo kwanza asubuhi, nasikia jogoo na redio nyuma. Haulizi matokeo. Anauliza, "mmekwenda?" Namwambia tumekwenda baba.